Mzaliwa wa Kigombe

Jumapili, 11 Machi 1956

Daftari hili nililinunua kwa vipimo vya wateja, mabega na urefu wa mikono, lakini wateja wenyewe siku hizi hawazidi ukurasa. Kurasa zilizobaki nitajiandikia mimi. Naandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyonifundisha marehemu mjomba aliponileta Tanga kutoka Ngazija nije kushika sindano, nami nina miaka kumi na tisa. Mke wangu Mastura hajui kuandika. Binti yetu Asmahani shuleni anasomeshwa herufi za Kizungu. Kwa hiyo humu niko peke yangu, na naweza kusema nitakalo.

Jana ilikuja barua. Tarishi aliileta kwa baiskeli hadi Usagara, kwenye baraza ninapokaa na cherehani yangu. Ofisi ya uhamiaji inasema kwamba mimi, Idarusi bin Msa, mgeni, sina kibali cha kukaa nchini, niende nikajieleze. Nimekaa Tanga miaka kumi na saba. Nimeoa hapa, nimezaa hapa, na nusu ya kanzu zinazorukuu mjini siku ya Ijumaa nimezishona mimi. Nilicheka, kisha nikashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia.

Mvua bado. Mawingu yanakuja asubuhi, yanatuangalia, yanaondoka.

Jumatano, 14 Machi

Nimekwenda. Karani anaitwa Ernesti, Mbondei wa upande wa Muheza, shati limepigwa pasi vizuri lakini kola imekatwa ovyo. Alifungua faili akanionyesha karatasi ya mwaka 1943. Saini ni yangu.

Wakati wa vita ya Hitler chakula kiligawiwa kwa kadi. Wenyeji walipewa unga wa mahindi, wageni walipewa mchele na sukari. Sisi Wangazija wa mjini tulikuwa wachache, kiburi chetu ndicho kilichokuwa kingi. Tukasema sisi si wenyeji, sisi tuna asili yetu, tukaenda tukajiandikisha na wageni. Tukala wali vita nzima huku majirani wanasonga ugali, nami nikajiona bwana mkubwa. Leo Ernesti ameniambia kwa sauti ya upole kwamba lau ningeandikwa mwenyeji mwaka ule, asingekuwapo wa kuniuliza kitu. Mgeni ndiye anayetakiwa kuwa na kibali. Amesema nisubiri, nitaitwa.

Nilipomweleza Mastura alikuwa anapepeta mchele. Akauliza, "Wali wenyewe ulikuwa mtamu?" Nikasema ulikuwa mtamu. Akaendelea kupepeta. Nimekasirika mpaka sasa. Naona mwanamke huyu hajali.

Jumatatu, 19 Machi

Sikuitwa.

Jumanne, 20 Machi

Sikuitwa. Imenyesha kidogo alasiri, harufu ya vumbi ikapanda hadi barazani, nikaacha kazi nikawa naivuta tu puani.

Jumanne, 27 Machi

Kila baiskeli inayopita nadhani ni tarishi. Leo nimehesabu kumi na nne kabla ya adhuhuri. Mteja mmoja alinisemesha mara tatu sikumsikia.

Nimemwona Ernesti sokoni, akageuza uso. Naapa mtu yule ananichezea. Faili langu analo, neno moja tu linatosha, ndiyo au hapana, na yeye analikalia.

Jumatatu, 2 Aprili

Ofisi imefungwa kwa Pasaka. Mvua imeanza kwa kweli sasa, inanyesha bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Mtaa wetu wote wa Mabawa umekuwa wa kijivu. Kutoka dirishani milima ya Usambara haionekani, na kwa kuwa haionekani, naweka mlima mwingine mahali pake, mlima wetu wa Karthala kule Ngazija na moshi wake. Nimeutazama asubuhi nzima. Asmahani akauliza natazama nini, nikamwambia natazama mvua.

Alhamisi, 5 Aprili

Mjomba wake Mastura amekuja kutoka Kigombe, kijijini kwao. Jina lake Mwinyijuma, ana minazi yake na mdomo wake, na hapendi kitu duniani kuliko kesi ya mtu mwingine. Alikunywa chai vikombe vitatu kwanza. Kisha akatoa dawa yake.

Niombe karatasi ya mwaka 1943 irekebishwe. Niape mbele ya hakimu kwamba nilikosea kwa ujana, kwamba mimi si mgeni, nimezaliwa Kigombe kwa baba Mngazija aliyepita tu akaenda zake. Yeye mwenyewe atakuja kushuhudia kwamba alikuwapo. Nikiandikwa mzaliwa wa Kigombe, faili limekufa.

Nikamwuliza, na wazee wengine wa Kigombe je? Akajibu kwamba wazee wa Kigombe wanajua kunyamaza kwa faida ya mkwe wao. Nilimtazama Mastura. Alikuwa anakusanya vikombe, hakunyanyua uso.

Nimekubali. Nimeandika hapa ili nijue kwamba ni mimi niliyekubali.

Ijumaa, 6 Aprili

Nimezaliwa Kigombe, mwaka wa mvua kubwa. Hivyo ndivyo nitakavyosema. Nimejaribu kwa sauti nikiwa peke yangu barazani, nikakwama kwenye "nimezaliwa".

Jumapili, 8 Aprili

Mzee Mwinyijuma alinipeleka Kigombe nikapajue nilipozaliwa. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ambayo mtu haoni inamlowesha saa ngapi. Alinionyesha kiwanja kitupu nyuma ya msikiti, akasema hapa ilikuwa nyumba. Mkunga aliitwa Semeni. Ulikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, maji yalikuwa yamefika kizingitini. Kisha akanipeleka kwenye mnazi mmoja mrefu ulioinama kidogo upande wa kusini, akaugonga kwa kiganja. Hapa chini, alisema, ndipo kilipozikwa kitovu chako, na mche ukapandwa juu yake siku ya arubaini.

Nilisimama mbele ya mnazi ule muda mrefu. Shina lilikuwa baridi na limelowa. Ni ajabu kusema, lakini nilihisi unanijua. Nilipogeuka nikaona mzee amekaa chini kwenye matope na kanzu yake nyeupe. Nikadhani amechoka.

Ijumaa, 13 Aprili

Ramadhani mosi. Kazi zimekuja kwa wingi, kila mtu anataka kanzu ya Iddi. Nimezaliwa Kigombe, mwaka wa mvua kubwa, mkunga Semeni. Sikwami tena.

Jumatano, 18 Aprili

Barua kutoka kwa dada yangu Mwatum, kule kwetu Ikoni. Macho ya mama yamekwisha, anaona mwanga tu. Kila asubuhi anauliza kama mwanawe amekuja, na wakimwambia bado, anasema basi mtengeeni chai, atakuja ameloa. Anaijua mvua ya huku, sijui kwa nini. Dada anasema nikirudi nitapata pa kulala ndani kwa mama, lakini ananikumbusha nisije nikasahau desturi: nyumba kwetu ni ya wanawake, imetoka kwa bibi, imekwenda kwa mama, itakwenda kwake yeye na binti zake. Mke wa mtoto wa kiume hana chumba humo. Hakuandika kwa ubaya. Ndivyo ilivyo.

Mwanamume wa kwetu hana nyumba. Ana mlango wa mama yake na mlango wa mkewe, basi. Na hii ninayolala hapa Mabawa ni ya Mastura, kaachiwa na mama yake. Nilikuwa sijaliona jambo hili hivyo mpaka leo.

Jumanne, 24 Aprili

Adhuhuri, na saumu yangu, nilipitiwa na usingizi juu ya cherehani. Nikaota nazaliwa. Nilisikia mvua juu ya makuti, nikaona mikono ya Semeni mkunga, mikubwa na yenye joto, nikaona maji yanang'aa kizingitini. Mama alikuwa amelala upande wa ukuta, uso ni ule ule wa mama yangu, lakini akisema Kiswahili cha Kigombe. Akaniita kwa jina. Jina halikuwa langu, na mimi nikaitika.

Nimeamka nalia. Nani amewahi kulia kwa sababu ya kuzaliwa? Watoto wachanga tu.

Jumamosi, 28 Aprili

Nimeitwa. Kiapo ni tarehe 8 Mei, saa nne.

Alhamisi, 3 Mei

Asmahani amenisikia nikijisomea. Jana shuleni amewaambia wenzake kwamba baba yake kazaliwa Kigombe kwa mkunga Semeni, na leo wakati nampima gauni lake la Iddi akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Sasa bibi wa Ngazija ni nani wetu?"

Nilimwambia asimame wima. Pini ilinichoma kidoleni, damu ikaingia kwenye kitambaa, hapa kwenye pindo, nitaificha kwa lesi.

Naogopa. Si hakimu ninayemwogopa. Naogopa kwamba nikiisha kuapa, mwezi wa Ramadhani, mkono juu ya msahafu, sitaweza tena kumwita mama hata katika dua. Nitasema "Mola mrehemu mama yangu" na malaika watauliza yupi.

Jumatatu, 7 Mei

Kesho. Mastura amepika vizuri kuliko siku zote na hakusema neno.

Jumanne, 8 Mei

Niandike yote kwa utaratibu.

Saa tatu na nusu nilikuwa mahakamani na kanzu yangu mpya. Ernesti alikuwapo na faili. Saa nne ikapiga. Mzee Mwinyijuma hakutokea. Saa tano. Mvua ikashuka kwa nguvu, nikasema labda basi limekwama njiani. Saa sita hakimu akauliza yuko wapi shahidi wa mtu huyu. Ernesti akainuka, akaomba siku nyingine. Nimepewa wiki moja.

Nilirudi Mabawa kwa miguu katikati ya mvua. Njia nzima nilikuwa namtukana mzee yule. Mdomo mwingi, nilisema, na siku ya kazi haonekani. Nilipofika nikamtupia Mastura maneno hayo hayo mlangoni, mjomba wako hivi, mjomba wako vile. Aliniacha nimalize. Kisha akaenda kwenye sanduku la vitambaa, akafukua, akatoa daftari hili. Nilikuwa nadhani nimelificha.

"Ni mimi niliyempelekea habari asije," alisema.

Nilikaa chini. Kumbe babu yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Kigombe, na alimfundisha mjukuu wake kusoma na kuandika pamoja na wavulana. Miaka kumi na moja tumeoana. Mimi sikuwahi kuuliza, nilidhani tu. Amekisoma kila nilichoandika tangu Machi, hata pale niliposema hajali. Akanifungulia tarehe 3 Mei, akaweka kidole penye malaika.

"Mimi niliolewa na Mngazija wa Ikoni," akasema. "Huyo mzaliwa wa Kigombe simjui. Kesho akiingia humu ndani na uso wako, nitalala naye vipi, baba Asmahani?"

Nikamwambia, basi watanifukuza. Akasema anajua. Nikamwambia ataachwa na mtoto na nyumba. Akasema hilo pia analijua, amelipigia hesabu zamani kuliko mimi, ndiyo maana hakuwa na maneno. Kisha akaniambia habari ya mnazi. Mnazi ule una mwenyewe. Ni wa Kombo, mtoto wa Mwinyijuma, kifungua mimba wake, aliyekufa kwa ndui akiwa na miaka sita. Mkunga alikuwa Semeni. Maji yalifika kizingitini. Mzee hakutunga hata neno moja, alichukua kuzaliwa kwa mwanawe akanipa mimi.

Nilimkumbuka alivyokaa kwenye matope. Nikaona haya, haya iliyoingia hadi mifupani. Mastura alileta kanga kavu akanifuta kichwa, na sote wawili tukalia, yeye kwanza.

Jumatano, 9 Mei

Mvua. Nimeshona vifungo.

Jumamosi, 12 Mei

Iddi. Mji mzima umevaa nguo nilizoshona, nami nimeuona unapita kupitia pazia la manyunyu, mweupe, taratibu, kama ndoto ya mtu mwingine.

Mzee Mwinyijuma amekuja na madafu sita. Nilimshika mikono. Akasema yeye bado yuko tayari, akasema, "Mkwe, mnazi umesimama miaka thelathini bila mwenyewe. Ukiutaka, ni wako." Nilimwambia mnazi una mwenyewe, na kwamba sisi sote tutamsomea Fatiha. Tukamsomea Kombo, mzee, mimi, Mastura na Asmahani, pale pale sebuleni, kisha tukanywa madafu yake. Yalikuwa matamu sana. Mtu huyu nilikuwa nikimwita mpenda kesi.

Jumanne, 15 Mei

Nimekwenda kwa Ernesti peke yangu. Nimemwambia sina shahidi wala sihitaji. Nimezaliwa Ikoni, Ngazija, mama yangu yu hai, na karatasi ya 1943 niliiandika kwa akili zangu kwa sababu ya wali. Akacheka kidogo, na mimi nikacheka.

Akafunga mlango. Aliniambia, nikingoja nifukuzwe, jina langu litaandikwa kwenye orodha ya waliofukuzwa na mlango umefungwa. Nikiondoka mwenyewe kabla ya amri, faili linafungwa likiwa safi, na mke mwenyeji anaweza kumwombea mumewe kibali. Huchukua muda, mwaka, pengine miwili, na hawezi kuniahidi. Lakini njia ipo.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu Machi. Akasema tangu Machi ameliweka faili langu chini kabisa ya mafaili mengine, na kila linapopanda yeye hulishusha tena, akitumaini sheria itabadilika au wakubwa watasahau. Sokoni aligeuza uso kwa kuwa hakuwa na habari njema ya kunipa. Nilidhani ananichezea, kumbe alikuwa akiziiba siku kwa ajili yangu.

Nimemwomba shati lake, nitalitengeneza kola.

Jumapili, 20 Mei

Nimeamua. Nitarudi kwetu. Nimeliandika, na nyumba haikuanguka. Nimemwambia Asmahani kwamba bibi wa Ngazija ni bibi yake, mama yangu, haoni, na mimi nakwenda ili auone uso wangu kwa vidole vyake. Akauliza nitarudi lini. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akakaa mapajani kwangu ingawa amekuwa mkubwa.

Sikuwa nimelala vizuri tangu Machi. Leo adhuhuri nimelala bila ndoto.

Jumatano, 23 Mei

Jua na mvua pamoja.

Jumapili, 27 Mei

Milima ya Usambara imeonekana, buluu, imeoshwa. Nilitaka kuuweka mlima wangu mbele yake kama siku zile, haukukaa. Usambara ni Usambara. Miaka kumi na saba nimeitazama na leo ndiyo naiona, nami naondoka.

Mastura ananifungia mizigo. Ametia kanga mbili za mama na moja ya Mwatum, na pakiti ya majani ya chai. "Atengewe chai ya huku," amesema, "ajue ulikokuwa."

Jumatatu, 4 Juni

Kesho meli ya kwenda Unguja, na huko ningoje ya Wafaransa iendayo Ngazija. Kanzu zote zimekwisha, kila mteja amechukua yake. Nimemrudishia Ernesti shati. Nimekwenda Kigombe kumuaga mzee, nikaugonga mnazi wa Kombo kwa kiganja, nikamwambia samahani.

Nilitaka kulichukua daftari hili. Lakini humu sikuwa peke yangu hata siku moja, na kurasa nyeupe bado zipo. Naliacha juu ya cherehani, wazi. Mastura, hizo ni zako.

Jumatano, 6 Juni

Ni mimi, Mastura binti Uweso. Sijaandika tangu chuoni kwa babu, mwandiko wangu mbaya.

Meli iliondoka jana saa tisa. Asmahani hakulia mpaka tulipofika nyumbani. Asubuhi nimeitia cherehani mafuta kama alivyonionyesha, nikaifunika.

Kisha nimekwenda ofisini kwa Bwana Ernesti kuandikisha maombi. Aliniuliza mume wangu kazaliwa wapi. Nikasema Ikoni, Ngazija. Akauliza anakaa wapi. Nikasema Mabawa, nyumbani kwangu. Aliinua kichwa akaniangalia, kisha akaandika hivyo hivyo.

Leo mvua haikunyesha.